Kutibu mizizi ya jino hadi mwisho: mwongozo kamili kwa wakazi wa Goma

Matibabu ya mizizi huanza vizuri, kisha yanaachwa njiani. Ziara ya kwanza inaondoa maumivu, mtu anarudi kwenye biashara yake Birere, plombaji (kizibo cha tundu la jino) ya muda inakaa mdomoni miezi minne badala ya wiki mbili, na siku moja jino linapasuka kwa punje ya mahindi ya kuchoma. Linang'olewa, halafu mtaani inasemwa kwamba kuua mshipa hakusaidii kitu.

Maumivu huisha kwa sababu mshipa, yaani nyama laini yenye neva ndani ya jino, umetolewa. Mfupa ulioliwa na usaha kwenye ncha ya mzizi unahitaji miezi kadhaa kujijenga, na unajijenga tu kama jino limezibwa vizuri juu na chini. Hatua zinazofuata zinakueleza dantisti anafanya nini, kwa nini, na wewe uangalie nini ili usiishie katikati.

Kwanza, wakati wa kutongoja. Uvimbe ukishuka chini ya taya kuelekea shingoni au ukapanda hadi jichoni, ukishindwa kumeza mate, kufungua mdomo au kupumua vizuri, au ukiwa na homa kali pamoja na uvimbe, usitafute kabine ya meno. Nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Usaha wa jino la chini unaweza kuziba njia ya hewa.

## Vitu vya kuandaa

- Radiyo (picha ya eksirei) ndogo ya jino lenyewe. Ni ile inayopigwa kwa filamu au kihisio kinachowekwa ndani ya mdomo. Ionyeshe mzizi mzima na milimita 2 hadi 3 za mfupa chini ya ncha. Radiyo kubwa ya taya zima haitoshi kwa kazi hii.
- Bei ya kazi yote kwenye karatasi moja: radiyo, mizizi, plombaji ya kudumu na taji (kofia inayofunika jino). Bei ya mizizi peke yake inadanganya, kwa sababu watu huishiwa pesa kabla ya taji.
- Orodha ya magonjwa na dawa zako: kisukari, presha, dawa za kufanya damu kuwa nyepesi, aleji ya penisilini au ya mpira, mimba. Mwenye vali ya moyo ya bandia aseme kabla ya miadi, maana kwa kawaida hupewa antibiotiki saa moja kabla ya kuguswa.
- Daftari. Kazi yake imeelezwa kwenye hatua ya 5.
- Muda. Gego huchukua dakika 60 hadi 90 kwa kila ziara. Usipange kuvuka mpaka wa Petite Barrière nusu saa baadaye.

Ukiwa bado unachagua kabine, uliza mambo matatu. Je, vifaa vinapikwa kwenye otoklavu (mashine ya mvuke wa moto mkali) na kufunguliwa mbele ya mgonjwa kutoka kwenye mfuko uliofungwa? Mfuko huwa na alama inayobadilika rangi baada ya kupikwa. Spiriti haiuwi vijidudu vyote kwenye vifaa hivi, wala maji yaliyochemka hayatoshi. Je, wanatumia diga, ile karatasi ya mpira ya hatua ya 4? Na umeme ukikatika, je, wana jenereta? Swali hilo la mwisho si la starehe: otoklavu iliyozimika katikati lazima ianze mzunguko upya, na mashine ya radiyo bila umeme ni sanduku tu.

## Hatua ya 1: Hakikisha jino linaokoleka

Dantisti anatakiwa apime kabla ya kushika mashine. Anaweka baridi kwenye jino na kwenye majirani yake, anagonga taratibu kwa mpini wa kioo, anabonyeza ufizi, na anapima kina cha mfuko wa ufizi kwa kijiti chenye alama za milimita.

Jino lenye afya huhisi baridi na kuacha ndani ya sekunde chache. Likiendelea kuuma nusu dakika au zaidi, au likikuamsha usiku bila kuguswa, mshipa umevimba kiasi cha kutorudi. Lisipohisi chochote wakati majirani yanahisi, huenda mshipa umeshakufa.

Hapa ndipo wengi hujidanganya: jino liliuma wiki mbili, likaacha lenyewe, wakashukuru. Mshipa ulikufa, basi. Maambukizi yanaendelea kimya kuelekea kwenye mfupa, na baada ya muda kipele cha usaha kinatokea kwenye ufizi, kinapasuka, kinarudi.

Rangi nayo huchanganya watu wa hapa. Waliokulia karibu na volkano wakinywa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati mara nyingi wana madoa ya kahawia kwenye meno. Chanzo ni floridi nyingi utotoni, na moshi wa Nyiragongo huchangia floridi hiyo katika maji ya mvua. Madoa hayo huenea kwenye meno mengi, kushoto na kulia kwa kufanana. Jino lililokufa huwa la kijivu peke yake kati ya wenzake. Jino lenye madoa ya floridi tu halihitaji kutibiwa mizizi.

Jino haliokoleki kama mzizi umepasuka wima, kama uozo umeshuka chini ya usawa wa mfupa, au kama hakuna ukuta mzima wa jino wa karibu milimita 2 juu ya ufizi ambao taji litaukumbatia. Dantisti anayekuambia ukweli huo mapema amekuokolea pesa.

Mtoto ni habari nyingine. Gego la kwanza la kudumu huota karibu na miaka 6 na ncha za mizizi yake hufunga karibu na miaka 9 au 10. Kabla ya hapo matibabu ni tofauti, kwa sababu ncha iko wazi na dawa ya kujaza haina pa kuzuilia.

## Hatua ya 2: Pita usiku wa maumivu bila kuharibu mambo

Kwa mtu mzima mwenye afya, ibuprofeni 400 mg baada ya kula, pamoja na parasetamoli 1 g, hutuliza jino kuliko dawa nyingi zenye majina makubwa. Rudia baada ya saa 6 hadi 8. Parasetamoli isizidi 4 g kwa siku, na mwenye uzito chini ya kilo 50 apunguze. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na aspirini, au anayetumia dawa za kufanya damu kuwa nyepesi aache ibuprofeni.

Usibandike aspirini kwenye ufizi. Ni asidi na itauchoma. Petroli na maji ya betri hata tusiyajadili.

Sasa amoksisilini. Inauzwa kila farmasi, na watu huimeza paketi baada ya paketi kwa jino lilelile. Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita. Kwa hiyo haifiki kwenye chanzo. Uvimbe hupungua kidogo, dozi inaisha, uvimbe unarudi. Antibiotiki ina kazi pale maambukizi yanapoenea mwilini: homa, tezi zilizovimba, uso unaojaa. Hapo mtu mzima asiye na aleji kwa kawaida huandikiwa 500 mg mara 3 kwa siku kwa siku 3 hadi 7, lakini bado jino lifunguliwe au usaha utolewe. Jino linalouma tu kwa baridi na usiku, bila uvimbe wala homa, halihitaji antibiotiki hata kidonge kimoja.

Kataa pia dawa ya kuua mshipa yenye arseniki, ile inayowekwa kwenye tundu ukaambiwa urudi baada ya siku kadhaa. Ikivuja inaua ufizi na mfupa wa taya. Sindano ya ganzi imeifanya isiwe na sababu yoyote.

## Hatua ya 3: Ganzi iingie kweli

Lidokaini asilimia 2 yenye adrenalini ndiyo ya kawaida. Kwa magego ya chini sindano hupigwa nyuma ya taya, na inahitaji dakika 10 hadi 15. Alama kwamba imefika ni mdomo wa chini upande huo kuwa mzito hadi kwenye kidevu.

Mdomo unaweza kufa ganzi na jino bado likauma. Jino lenye mshipa uliovimba sana hupinga dawa. Usivumilie kimya kwa aibu: inua mkono wa kushoto, kazi isimame. Dantisti ataongeza sindano kando ya jino au kati ya jino na mfupa. Matibabu ya mizizi yanayofanywa kwa kukaza meno huishia mifereji (vijitundu virefu ndani ya mizizi) nusu kusafishwa, kwa sababu mkono wa dantisti nao unaharakisha.

## Hatua ya 4: Diga

Ni karatasi ya mpira yenye tundu moja. Inabanwa kwa kibanio cha chuma ili jino moja tu litokeze. Inazuia mate, ambayo yamejaa bakteria, yasiingie kwenye mifereji inayosafishwa. Inazuia pia vifaa vidogo visianguke kooni, na javeli ya kuoshea mifereji isimwagike mdomoni.

Pamba kando ya ulimi haifanyi kazi hiyo. Kama kabine haina diga, tafuta nyingine. Kati ya yote yaliyo kwenye mwongozo huu, hili ndilo ambalo tungelikazia kuliko bei. Kumbuka tu kusema kama una aleji ya mpira. Zipo diga zisizo na mpira wa asili.

## Hatua ya 5: Kufungua, kupima, kusafisha

Uozo wote na plombaji ya zamani vinaondolewa kwanza. Kisha dari ya jino inatobolewa na midomo ya mifereji inatafutwa. Hesabu yake ni hii: meno ya mbele ya juu huwa na mfereji 1, ya mbele ya chini huwa na 1, ila si nadra kukuta 2, gego dogo la kwanza la juu mara nyingi 2, magego makubwa ya chini 3, mara nyingine 4, gego la kwanza la juu 3, na mara nyingi sana la nne limejificha. Mfereji uliosahaulika ni moja ya sababu kubwa za jino kurudi kuuma baada ya mwaka. Uliza bila woga: "Daktari, umepata mingapi?"

Urefu. Kila mfereji unapimwa kwa kifaa cha umeme kinachoshikwa mdomoni, au kwa radiyo huku tupa nyembamba (kisindano cha kuchongea mfereji) ikiwa ndani, au vyote viwili. Kazi inaishia milimita 0.5 hadi 1 kabla ya ncha inayoonekana kwenye radiyo. Ikiishia mbali, uchafu unabaki chini. Ikivuka, inachokoza mfupa na maumivu yanafuata.

Kuchonga. Tupa za namba 08, 10 na 15 hufungua njia, kisha kubwa zaidi au za mashine hupanua hadi angalau namba 25. Tupa hizi huchoka zikitumiwa mara nyingi na hukatika ndani ya mfereji uliopinda. Ikikatika, si lazima jino lipotee, lakini una haki ya kuambiwa na kuandikiwa.

Kuosha. Tupa haifiki kila kona, kwa hiyo kinachoua bakteria ni maji ya kuoshea. Ni hipokloriti ya sodiamu, ndugu wa javeli ya nyumbani, kwa kawaida asilimia 2.5 au zaidi kidogo, tena na tena katika muda wote wa kazi. Mwishoni huja maji mengine ya kuoshea, EDTA asilimia 17, kwa dakika moja ili kuondoa vumbi la jino lililobandika ukutani. Sindano ya kuoshea isikwame ndani na isukumwe polepole, ikiishia milimita 2 juu ya mwisho wa mfereji. Ukihisi ghafla moto mkali na shavu likaanza kujaa hapohapo, javeli imepita nje ya mzizi: inua mkono. Na usije ukasukutua javeli nyumbani kwa sababu umesikia inaua bakteria.

Daftari sasa. Kabla ya kuondoka andikiwa tarehe, namba ya jino, idadi ya mifereji, urefu wa kila mmoja na dawa iliyowekwa. Kwa mfano: "36, mifereji 3, 20/20/21 mm, haidroksidi ya kalisi." Piga radiyo picha kwa simu. Watu wa Goma huhama na kusafiri ghafla, kwa boti kwenda Bukavu au kwa gari kwenda Butembo, na dantisti mwingine akipata mistari hiyo ataendelea mahali mwenzake alipoishia. Bila hiyo ataanza kutafuta mifereji upya, na utalipa upya.

## Hatua ya 6: Wiki mbili za mtego

Mshipa ukiwa hai na mifereji ikiwa mikavu, kazi inaweza kumalizwa siku hiyohiyo. Kukiwa na usaha, wengi huweka haidroksidi ya kalisi ndani na kufunga kwa plombaji ya muda, uje tena baada ya siku 7 hadi 14.

Plombaji hiyo iwe na unene wa milimita 3.5 hadi 4. Ni laini, inalika kila siku, na baada ya wiki mbili au tatu mate huanza kupenya. Yakipenya, mifereji iliyosafishwa kwa saa nzima inachafuka tena bila maumivu yoyote ya kukuonya. Jino linalonyamaza wakati huu halijapona.

Jino likiwa nyeti kwa kutafuna siku 2 au 3 ni kawaida, mradi maumivu yanashuka. Yakipanda baada ya siku ya tatu, au uvimbe ukitokea, rudi kabla ya miadi. Plombaji ikidondoka, rudi siku hiyo au kesho yake. Tafuna upande mwingine. Bugali, viazi, samaki wadogo wa sambaza walio laini. Miwa na mifupa, hapana.

## Hatua ya 7: Kujaza

Mifereji ikikauka, bila usaha wala harufu, na kugonga hakuumi tena, inajazwa kwa gutaperka, kitu kama mpira, na gundi maalumu. Lengo ni kuziba nafasi yote ili bakteria waliobaki wakose chakula na pa kuzaliana.

Omba kuiona radiyo ya mwisho. Mistari myeupe iwe mingi kama mifereji, minene bila mapengo meusi, na iishe kati ya ncha na milimita 2 kabla yake. Mstari unaoishia nusu ya mzizi ni kazi isiyokamilika. Afadhali irekebishwe sasa kuliko baada ya kulipia taji juu yake.

## Hatua ya 8: Plombaji ya kudumu na taji

Meno mengi yaliyotibiwa mizizi hupotea kwa kuvunjika au kuvuja juu, huku mizizi ikiwa haina tatizo. Jino limetobolewa katikati na kuta zimebaki nyembamba, zikibeba mzigo uleule wa kutafuna. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa 2002 ulikuta meno yasiyowekewa taji baada ya matibabu ya mizizi yakipotea kwa kasi mara 6 zaidi ya yaliyowekewa.

Plombaji ya kudumu iwekwe siku ya kujaza au ndani ya wiki chache. Magego makubwa na madogo yanahitaji kufunikwa vilele, yaani ncha za juu za kutafunia. Jino la mbele lenye tundu dogo tu nyuma linaweza kuishi kwa plombaji pekee.

Taji la chuma halipendezi lakini ni imara na huhitaji kuchonga jino kidogo. Kwa gego la nyuma kabisa ambalo hakuna anayeliona, ni chaguo zuri kuliko watu wanavyodhani. Taji la chuma lenye kauri juu linapendeza zaidi, na zirkonia, aina ya kauri ngumu, hukaa vizuri pia. Nguzo ndani ya mzizi haiongezi nguvu za jino. Kazi yake ni kushika plombaji pale kuta zilipokwisha, na kuitoboa nafasi yake kunadhoofisha mzizi. Ukipendekezewa nguzo ilhali kuta tatu zimesimama, uliza sababu.

Kama pesa ya taji haipo, sema kabla ya kuanza hatua ya 3. Dantisti anaweza kushusha vilele na kuvifunika kwa plombaji, jino likasubiri kwa usalama zaidi. Hiyo ni njia ya kungoja.

Siku ya kuwekewa taji, ng'ata karatasi ya rangi. Meno yote yaguse pamoja. Taji likitangulia hata kidogo, litauma kila mlo na linaweza kupasua mzizi. Uzi wa meno upite pembeni kwa kukwaruza kidogo bila kuchanika.

## Hatua ya 9: Radiyo ya mwaka mmoja

Kipele cha usaha kwenye ufizi kinapaswa kufunga ndani ya wiki chache. Mfupa ni wa polepole: piga radiyo baada ya miezi 6 kama kulikuwa na doa jeusi kubwa, na kwa kila mtu baada ya mwaka 1. Doa likipungua, jino linapona. Mengine humalizia hadi mwaka wa nne. Likikua, au kipele kikirudi, kuna kitu kimebaki ndani.

Hapo zipo njia tatu. Kurudia mizizi ndiyo ya kwanza, hasa kama radiyo inaonyesha mfereji uliosahaulika au kujaza kufupi. Upasuaji wa kukata ncha ya mzizi unafaa pale njia ya juu imezibwa na nguzo au tupa iliyokatika. Kung'oa ni kwa mzizi uliopasuka: mfuko mmoja mwembamba wenye kina kirefu upande mmoja wa jino, mahali pengine ufizi ukiwa mzima. Mpasuko wa wima hauna gundi wala dawa, na kila mwezi jino hilo likibaki linakula mfupa ambao pengo litauhitaji baadaye kwa jino la bandia.